Neema na Nakama: Mvua ya Radi Baada ya Ukame

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mkulima wa Makueni, Kitui au Tharaka aliyekaa miezi mingi akitazama anga jeupe lisilo na ahadi, hakuna dalili inayoburudisha moyo kama wingu jeusi linalojikusanya alasiri ya mwezi wa Machi. Upepo hugeuka ghafla, vumbi hutimka, kuku hukimbilia uvunguni mwa ghala, na akina mama huanza kupanga ndoo, karai na sufuria chini ya ukingo wa paa. Radi ya kwanza inapopiga, watoto hupiga mayowe ya furaha na ya hofu kwa pamoja. Saa moja baadaye mitungi imejaa.

Hata hivyo, kunapopambazuka, mara nyingi huonekana jambo jingine. Mbegu zilizopandwa juzi zimesombwa. Mbuzi waliokuwa wamekonda kwa njaa wamekufa kwa baridi. Barabara iendayo sokoni imekatwa na korongo ambalo jana halikuwapo. Watu wale wale walioomba mvua wanaanza kuomba ipungue.

Je, ni kwa nini mvua iliyosubiriwa kwa hamu kubwa huja na madhara makubwa? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Hoja yetu ni kwamba neema na nakama, yaani baraka na maangamizi, ya mvua ya radi hutokana na chanzo kimoja. Joto na ukavu uliotangulia ndivyo vinavyoandaa yote mawili, angani na ardhini. Ikiwa ndivyo, basi kazi ya kujikinga haianzi mvua inaponyesha. Huanza jua likiwa bado kali.

Maana ya Istilahi

Ni muhimu kwanza tufafanue maneno machache, kwani katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kiangazi ni msimu wa jua unaokuja kila mwaka. Si balaa kwa sababu kila mtu anautarajia. Ukame ni hali ya mvua iliyotarajiwa kukosa kunyesha, au kunyesha kidogo mno, msimu baada ya msimu. Katika sehemu kubwa ya Kenya, mvua kubwa ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na mvua ya vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kabla ya masika kuna miezi ya upepo wa kaskazi, na Februari na Machi huwa miongoni mwa miezi yenye joto kali zaidi.

Aidha, yapo maneno matatu yanayohusu sauti na mwanga wa mvua hii. Umeme ni mmweko unaoonekana angani. Ngurumo ni sauti inayofuata. Radi, katika makala haya, ni lile pigo lenyewe linaloshuka kutoka wingu hadi ardhini. Si ajabu kwamba neno umeme hutumika pia kwa nguvu inayowasha taa majumbani, kwa kuwa tofauti kati ya hizo mbili ni ya kiasi na mahali tu.

Mvua ya Radi Huzaliwaje?

Mvua ya radi huhitaji vitu vitatu: joto, unyevu na msukumo wa kupandisha hewa juu. Wakati wa ukame, joto lipo tele. Ardhi yenye unyevu hutumia sehemu kubwa ya nguvu za jua kuvukiza maji. Ardhi kavu haina maji ya kuvukiza, hivyo nguvu hizo zote huishia kuipasha ardhi na hewa iliyo juu yake. Kinachokosekana ni unyevu. Ndiyo maana tunaweza kukaa miezi mitano katika joto la kuchoma bila hata tone moja. Joto peke yake halileti mvua.

Mambo hubadilika mwezi wa Machi. Jua la utosi huvuka ikweta kuelekea kaskazini, na ukanda wa mvua hulifuata. Pepo hugeuka na kuingiza bara hewa yenye mvuke kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo inapofika juu ya ardhi iliyochomwa na jua, hupanda kwa kasi. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa matone ya maji. Hapa ndipo siri ya nguvu ya mvua hii ilipo. Kila kilo moja ya mvuke inapogeuka maji hutoa joto linalotosha kuchemsha takriban lita saba za maji baridi. Joto hilo huisukuma hewa juu zaidi, nayo huvuta hewa nyingine kutoka chini. Wingu hujijenga kama mnara, na katika maeneo ya ikweta kama yetu kilele chake kinaweza kuzidi kilomita 12 kutoka usawa wa bahari.

Takriban kilomita 5 kutoka usawa wa bahari, kimo kinachokaribia kile cha kilele cha Mlima Kenya, hewa hufikia kiwango cha kugandisha maji. Juu ya hapo wingu huwa na chembe za barafu na vipande vizito zaidi vya theluji iliyogandamana. Hivi hugongana maelfu kwa maelfu. Katika kugongana huko, chembe nyepesi huchukua chaji ya aina moja na kupanda nayo juu, ilhali vipande vizito hubaki chini vikiwa na chaji ya kinyume. Tofauti hiyo inapozidi uwezo wa hewa kuizuia, umeme hupasua njia. Hewa iliyomo katika njia hiyo hupata joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, hutanuka ghafla, na mtanuko huo ndio ngurumo tunayoisikia.

Hali kadhalika, ukavu huongeza kishindo cha upepo unaotangulia mvua. Matone ya kwanza yanapoanguka kupitia hewa kavu, mengi huvukizwa kabla ya kugusa ardhi. Uvukizaji huo huipoza hewa, nayo huwa nzito na kuporomoka hadi chini, kisha kusambaa pande zote kwa kasi. Huu ndio upepo unaong'oa mabati na kuangusha migomba hata kabla watu hawajalowa.

Neema Inayoletwa na Mvua

Faida ya kwanza ni maji yenyewe, na ni vyema tuyapime ili tuelewe ukubwa wake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja. Paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5 likipata milimita 40 za mvua, kiasi ambacho mvua ya radi inaweza kumwaga katika alasiri moja, hupokea lita 2,000. Hiyo ni mitungi 100 ya lita 20. Kwa mama anayetembea kilomita kadhaa kuchota mtungi mmoja, alasiri hiyo ni mapumziko ya majuma mengi, mradi awe na mchirizi na tangi. Shamba la ekari moja nalo, kwa mvua hiyo hiyo, hupokea takriban lita 160,000.

Faida ya pili haionekani kwa macho, na inastahili kujulikana zaidi kwa kuwa ilichunguzwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi H. F. Birch, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga, karibu na Nairobi, alionyesha kwamba udongo uliokauka kabisa ukiloweshwa tena hutoa virutubisho ghafla, hasa naitrojeni, kuliko udongo uliokaa na unyevu wakati wote. Sababu ni kwamba vijidudu vingi vya udongoni hufa kwa ukavu. Maji yanapofika, vile vilivyosalia hufufuka na kula mabaki ya vilivyokufa pamoja na mboji iliyolegezwa na ukavu. Wataalamu wa udongo kote duniani huliita tukio hilo kwa jina la Birch hadi leo. Kwa maneno mengine, kiangazi kikali huweka akiba ya mbolea ambayo mvua ya kwanza huifungua.

Akiba hiyo, hata hivyo, haidumu. Mvua zinazofuata huizamisha chini ya mizizi au kuisomba. Hapa ndipo tunapoiona hekima ya wakulima wa Ukambani wanaopanda katika udongo mkavu kabla ya mvua kufika. Mbegu yao huwa tayari kuipokea neema siku inaposhuka, ilhali anayesubiri mvua ya tatu ndipo atafute jembe hukuta mezani mabaki. Wapo wanaosema kwamba radi yenyewe ndiyo huleta mbolea. Ni kweli kwamba joto la umeme huunganisha naitrojeni na oksijeni hewani na kuzishusha pamoja na mvua, lakini kiasi chake ni kidogo kikilinganishwa na kile kinachotoka udongoni.

Nakama Inayofuata

Ukavu ule ule ulioweka akiba ya mbolea ndio unaoifunga ardhi isipokee maji. Wakati wa ukame, mifugo hula nyasi hadi mizizi, na udongo hubaki uchi. Matone ya mvua ya radi ni makubwa na huanguka kwa kasi inayoweza kufikia kilomita 30 kwa saa. Yanapopiga udongo usio na nyasi, huvunja chembe zake, na vumbi laini huziba vitundu vya kupitishia maji. Juu ya ardhi hujitengeneza gamba. Shamba lililoililia mvua miezi sita huikataa katika dakika kumi za kwanza, na maji huteremka bondeni yakiubeba udongo wa juu, yaani ule ule wenye rutuba tuliyoitaja.

Katika kaunti za kaskazini kama vile Marsabit na Wajir, maji hayo hukusanyika katika mito mikavu iitwayo laga. Laga inaweza kujaa ghafla ilhali mahali ulipo hapajanyesha, kwa sababu mvua ilinyesha milimani mbali. Wasafiri na wachungaji wamepoteza maisha kwa kuamini kwamba anga la buluu juu ya vichwa vyao lilikuwa hakikisho la usalama.

Mifugo nayo hupata pigo la pili. Ng'ombe na mbuzi waliookoka njaa huwa hawana mafuta mwilini ya kuwapa joto, hivyo usiku mmoja wa mvua baridi huua wengi. Mbu huongezeka katika maji yaliyotuama na kusambaza maradhi. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa uliikumba kaskazini mashariki mwa Kenya baada ya mvua kubwa za mwaka 1997 hadi 1998, na tena 2006 hadi 2007.

Magharibi mwa nchi, hasa katika nyanda za juu zilizo karibu na Ziwa Victoria, hatari kubwa ni radi na mvua ya mawe. Mchana, upepo wa ziwani huingia bara na kukutana na upepo wa mashariki juu ya milima. Ndiyo maana alasiri za Kericho, Nandi na Kisii hujaa ngurumo. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea ziwani kutoka kila upande, na dhoruba huhamia majini, ambako wavuvi huwa wameshatega nyavu. Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Kwa kuwa mji huo uko takriban mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mawe ya barafu huwa na safari fupi ya kuanguka na hayapati muda wa kuyeyuka. Dakika chache hutosha kuyachana majani ya chai yaliyokuwa tayari kuchumwa.

Kuhusu radi, msiba wa jirani unatufunza. Mwezi Juni mwaka 2011, radi moja iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi wilayani Kiryandongo, nchini Uganda. Majengo mengi ya shule katika eneo letu zima hayana kinga ya radi, ingawa chombo chenyewe ni fimbo ya chuma au shaba iliyounganishwa kwa waya mnene hadi ardhini, na kimejulikana tangu karne ya 18.

Mfano wa Miaka ya 2020 hadi 2024

Haya yote yalidhihirika wazi nchini Kenya katika miaka ya hivi karibuni. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilififia mfululizo. Mwezi Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa. Hadi ulipokwisha mwaka 2023, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa, na watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wamehitaji msaada wa chakula.

Mvua zilirudi mwezi Machi 2023, na malisho yakachipuka. Kisha vuli ya mwaka huo ikaja na El Niño pamoja na joto lisilo la kawaida magharibi mwa Bahari ya Hindi. Mandera, Wajir, Garissa na Tana River, kaunti zilizokuwa zikisambaziwa maji kwa malori, zikawa zinafikiwa kwa mashua na helikopta. Watu zaidi ya 100 walifariki. Masika ya mwaka 2024 yalikuwa mabaya zaidi: watu zaidi ya 250 walipoteza maisha, mitaa ya Nairobi iliyo kando ya mito ikafurika, na ufunguzi wa shule ukaahirishwa.

Tukio la Mai Mahiu, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, linatufaa kulitafakari. Makumi ya watu walikufa wakiwa vitandani. Awali ilidhaniwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa sababu mfereji uliopita chini yake ulizibwa na matope, mawe na miti. Mvua ilikuwa kubwa, hilo halina shaka. Lakini kilichoigeuza kuwa ukuta wa maji kilikuwa ardhini.

Kuipokea Mvua Ipasavyo

Iwapo nakama huandaliwa ardhini, basi ardhini ndipo inapoweza kupunguzwa. Waswahili wana fahari moja hapa ambayo wanafunzi wa lugha hawaizungumzii vya kutosha. Katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza vinavyosomwa Asia na Amerika ya Kusini, limo neno la Kiswahili lisilotafsiriwa: fanya juu. Ni jina la matuta yaliyoenea Machakos kuanzia miaka ya 1950. Mkulima huchimba mtaro unaofuata kontua na kuurusha udongo upande wa juu, badala ya upande wa chini. Maji hutua nyuma ya tuta, huzama polepole, na baada ya misimu kadhaa mteremko hugeuka kuwa ngazi. Vilima vilivyodhaniwa katika miaka ya 1930 kuwa vimeharibika kabisa vikaja kulisha watu wengi kuliko hapo awali.

Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni nayo hufuata mantiki hiyo hiyo. Ukuta hujengwa katikati ya mto mkavu. Gharika huleta mchanga na kuujaza nyuma yake. Maji hubaki kati ya chembe za mchanga, yakiwa yamekingwa dhidi ya jua. Gharika inayobomoa kwingine, hapa hulazimishwa kujenga.

Tahadhari dhidi ya radi ni rahisi kuzikumbuka. Baada ya kuuona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Zikipungua 30, ingia ndani ya jengo imara au gari lililofunikwa kwa bati, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti. Radi ikiupiga, umeme husambaa ardhini kupitia mizizi, na ndiyo sababu kundi zima la ng'ombe huweza kufa pamoja. Kufunika vioo au kuvua nguo nyekundu hakumkingi mtu. Vilevile, si kweli kwamba aliyepigwa na radi hubaki na umeme mwilini. Mguse bila hofu, na ikiwa hapumui, mpe huduma ya kwanza papo hapo, kwa maana wengi huweza kuokolewa katika dakika hizo.

Lugha ya Tahadhari

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili. Mwezi Oktoba 2023, wananchi waliambiwa kwamba El Niño haingetokea, ila mvua ingekuwa nyingi kuliko kawaida. Sentensi hiyo ina vipande viwili, na ni rahisi kwa msikilizaji kukishika kile cha kwanza na kukiacha cha pili. Mfugaji wa Garissa hahitaji kujua jina la Kihispania la tukio la Bahari ya Pasifiki. Anahitaji kuambiwa kwamba laga itajaa, lini, na mifugo ahamishie wapi.

Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hiyo. Tunayo manyunyu, rasharasha, mvua ya mawe, dhoruba, gharika na mafuriko, na kila neno lina kipimo chake akilini mwa msikilizaji. Tukisema "mvua kubwa" kwa zote, tunamnyima mtu uwezo wa kutofautisha siku ya kufurahi na siku ya kukimbia.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba joto na ukavu huipa mvua ya radi nguvu yake, huiwekea ardhi akiba ya rutuba, na papo hapo huifunga ardhi hiyo isiyanywe maji yanayoteremka. Mvua haichagui kuwa neema au nakama. Tofauti hiyo huamuliwa na matuta yaliyochimbwa au kutochimbwa, mifereji iliyozibuliwa au kuachwa, mbegu iliyotangulia au kuchelewa, na neno la tahadhari lililoeleweka au kupotea. Msimu mwingine wa kaskazi utakapofika na anga likawa jeupe tena, tusikae tukitazama juu pekee. Jembe na likafanye kazi yake, na kalamu zetu pia.